Mazoezi na Mazoea: Neno Moja na Siha ya Mwili Ukunda

Makala haya yanashikilia kwamba ushauri wa kiafya aghalabu hukwama katika neno kabla ya kukwama katika vitendo. Mtu mzima wa Ukunda aambiwapo "fanya mazoezi," huwaza jezi, uwanja na vijana, huona hayamhusu.

Sindromu ya umetaboli si ugonjwa mmoja. Ni mkutano wa hali tano: kiuno kipana, shinikizo la damu lililopanda, sukari iliyozidi damuni, mafuta ya trigliseridi kuwa mengi, na kolesteroli nzuri kupungua. Kwa mujibu wa mwafaka wa kimataifa wa mwaka 2009, zikitimia tatu, sindromu ipo. Mwenye nayo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari na maradhi ya moyo. Hata hivyo kitambi, dalili iliyo wazi kuliko zote, wapo wanaokisifu bado kuwa alama ya neema.

Turejee kwenye mzizi. Nomino zoezi imenyambuliwa kutokana na kitenzi zoea. Kwa hivyo zoezi ni jambo lirudiwalo hadi likawa tabia. Fiziolojia inaafikiana na mofolojia: msuli ufanyapo kazi hufyonza sukari kutoka damuni hata pasipo msukumo wa insulini, lakini faida hiyo hufifia baada ya siku moja au mbili. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, lilipendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila juma, pamoja na kazi za kuimarisha misuli angalau siku 2.

Ukunda, bodaboda na tuktuk zimemeza safari fupi za kwenda Diani. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku 5 kwa juma, hutimiza dakika 150. Maji yakipwa, mchanga wa ufuoni huwa mgumu na hufaa kwa miguu. Ila saa ya kupwa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Mtembezi na awe na njia ya pili ya nchi kavu.

Basi sisi wanafunzi wa Kiswahili, tutafsiripo mabango ya afya, tuandike "zoea kutembea" badala ya "fanya mazoezi." Tuongeze pia kwamba mwendo hausimami mahali pa dawa alizoandikiwa mgonjwa, bali huandamana nazo.