UWANJA WA NYASI UNAPIMWA NAMNA GANI?



Kila mara mvua ikiisha kunyesha, ubishi unaanza mbele ya mabweni: uwanja unafaa kuchezewa ao haufai? Mumoja anapiga kisigino chini, anasema: «Uko mugumu, twende!» Mwingine anapiga kisigino palepale, anasema: «Hapana, ni matope tupu.» Na mimi kapita, nikisema ndiyo na mutu akavunjika muguu, ni mimi nitakayeulizwa. Kwa sababu hiyo nilitaka kujua ginsi watu wenye viwanja vikubwa wanavyokata neno. Nimechagua pahali panapojulikana dunia nzima: Wimbledon, kule London, katika Uingereza.

1. Uwanja wenyewe

Wimbledon wanacheza tenisi. Mashindano ya kwanza yalifanywa katika mwaka wa 1877. Katika mashindano mane makubwa ya tenisi duniani, ni hayo tu yaliyobaki juu ya nyasi. Marekani waliacha nyasi mwaka wa 1975, Australia mwaka wa 1988. Ufaransa wao wanacheza juu ya udongo mwekundu.

Tangu mwaka wa 2001, Wimbledon wanapanda namna moja tu ya nyasi, ile inayovumilia kukanyagwa. Wakati wa mashindano wanaikata kila siku, ibaki na urefu wa milimetre 8. Mupime kwa rula zenu: haufiki hata sentimetre moja.

Sasa musikilize vizuri, shida yote iko hapa. Chini ya nyasi kuna udongo wenye sehemu ya udongo wa kufinyanga. Udongo huo ukiwa na maji mengi, unateleza na mupira haupandi. Ukikauka, unakuwa kama tofali, na mupira unaruka vizuri. Basi muchezaji anataka udongo mukavu, lakini nyasi inataka maji. Ukifurahisha muchezaji kupita kiasi, nyasi inakufa. Ukifurahisha nyasi kupita kiasi, muchezaji anaanguka. Na mashindano yanaendelea siku 14. Mutunza-uwanja anatembea katikati ya mambo hayo mawili kama mutu anayevuka muto juu ya muti mumoja.

2. Vyombo vya kupimia

Macho na kisigino havitoshi. Wanapima mambo mane.

(a) Ugumu. Wanatumia chombo kinachoitwa nyundo ya Clegg. Bwana Clegg alikuwa mutu wa Australia, aliyeitengeneza katika miaka ya 1970 kwa kupima musingi wa barabara. Ni bomba lenye muzigo ndani. Muzigo unaachwa uanguke kutoka urefu uleule kila mara, na kipima kilicho ndani yake kinaonyesha ulisimama kwa gafula namna gani.

Ninyi mulio katika kilasi cha 5 na cha 6, mutafahamu upesi. Tuseme muzigo unaanguka sentimetre 45, ni kusema milimetre 450. Ukisimama kisha kuzama milimetre 5, nguvu ya kuusimamisha ni 450 kugawanya kwa 5, ni kusema karibu mara 90 ya uzito wake. Ukizama milimetre 15, ni karibu mara 30 tu. (Huu ni mufano wangu, si hesabu za Wimbledon.) Basi hesabu kubwa inaonyesha udongo mugumu, hesabu ndogo inaonyesha udongo mororo.

(b) Maji ndani ya udongo. Wanachoma vijiti vya chuma katika udongo na kupitisha mawimbi ya umeme. Maji na udongo mukavu havipokei umeme sawasawa: kipimo chake kwa maji ni karibu 80, kwa udongo mukavu ni 3 mpaka 5 tu. Kwa hiyo maji kidogo yakiongezeka, chombo kinaona mara moja.

(c) Afya ya nyasi. Jani zima linameza mwanga mwekundu na kurudisha mwanga mwingine usioonekana kwa macho yetu. Jani linalokufa halifanyi hivyo vizuri. Chombo kinalinganisha mianga hiyo miwili, na kinaweza kuonyesha ugonjwa mbele macho hayajaona rangi ya manjano.

(d) Kuruka kwa mupira. Kwa sheria ya tenisi, mupira wa kawaida ukiachwa kutoka sentimetre 254 juu ya simenti, unapaswa kurudi kati ya sentimetre 135 na 147. Juu ya nyasi unarudi chini ya hapo. Inafaa urudi karibu sawasawa pahali pote pa uwanja.

3. Hesabu inatumiwa ginsi gani

Hesabu moja peke yake haisemi kitu. Ukiniambia «leo ni 90», nitakuuliza: jana ilikuwa ngapi? Na pale karibu na wavu ni ngapi? Kwa hiyo wanapima pahali mbalimbali, kwa chombo kilekile, wanaandika, kisha wanalinganisha na siku zilizopita na miaka iliyopita.

Pahali panaposumbua zaidi ni nyuma, kwenye mustari wa mwisho. Wachezaji wa siku hizi wanasimama pale sana, na nyasi ya pale ndiyo inakufa kwanza. Ukipima katikati tu, utasema uwanja ni muzima, kumbe miguu ya watu iko juu ya vumbi.

Kisha kupima wanatenda. Ugumu ukipanda haraka na maji yakishuka, wanamwangilia kiasi kidogo. Maji yakizidi, wanaacha kumwangilia. Mvua ikija, wanafunika.

4. Tarehe 29 Juni 2021

Musifikiri kwamba kipima kinamaliza maneno yote. Mwaka wa 2020 mashindano hayakufanywa kwa sababu ya ugonjwa wa COVID-19. Yalipoanza tena mwaka wa 2021, siku mbili za kwanza zilikuwa na mvua nyingi. Uwanja mukubwa una paa linalofungwa, tangu mwaka wa 2009. Wakalifunga.

Siku ya pili, juu ya uwanja huo, Adrian Mannarino wa Ufaransa alikuwa anacheza na Roger Federer. Akateleza, goti likaumia, akaacha muchezo. Kisha Serena Williams akaingia, naye akaumia muguu, akaacha na machozi. Watu wakalalamika. Wasimamizi wakajibu kwamba uwanja ulitengenezwa kwa uangalifu uleule wa miaka mingine, na ulikaguliwa mbele ya muchezo. Wakaeleza pia kwamba paa likifungwa muda murefu, wakati nyasi ingali mbichi kabisa, unyevu unazidi.

Je, vipima vilidanganya? Mimi nafikiri hapana. Chuma kinachochomwa ndani ya udongo kinajibu juu ya udongo. Nyundo inajibu juu ya ugumu. Lakini kiatu kinakanyaga jani, na jani linatoa maji, na chini ya paa hakuna jua wala upepo wa kulikausha. Udongo unaweza kuwa mugumu, na jani likateleza juu yake. Kipima kinajibu ulizo uliloliuliza, si lingine. Hilo ndilo fundisho nililotaka muchukue.

5. Na sisi?

Sisi hatuna nyundo ya Clegg, lakini tunaweza kupima. Muchukue udongo wa uwanja, muupime kwa mizani ukiwa na maji. Muukaushe juu ya bati kwenye moto, muupime tena. Muondoe uzito mukavu katika uzito wa kwanza, mugawanye kwa uzito mukavu. Tena muache mupira kutoka metre 2, pahali patatu, muandike unarudi mpaka wapi. Mufanye hivyo kila Posho, kwa mupira uleule uliojaa sawasawa. Na mwisho, muvue viatu, mutembee juu ya nyasi, kwa sababu unyayo nao ni kipima.

Kisha mwezi mumoja wa kuandika, hatutabishana tena kwa visigino.

Maulizo ya kujijaribu

1. Udongo wenye maji una grama 240. Ukikauka una grama 200. Maji ni ngapi kwa mia?
2. Kwa nini haifai kupima katikati ya uwanja tu?
3. Taja jambo moja la uwanja wetu ambalo mizani na mupira haviwezi kutuambia.

Kapita wa wanafunzi, kilasi cha 6