Risiti zinapauka, vyeti vinazagaa: afanyeje?

SWALI: Msomaji wa Morogoro anashona nguo nyumbani. Meza yake imejaa risiti, vyeti na makaratasi ya shule. Abaki na nini?

JIBU: Aanze na risiti za EFD, maana hizo hazisubiri. Huchapwa kwa joto, si kwa wino; zikikaa juani maandishi hupauka mpaka karatasi ibaki nyeupe. Azitoe fotokopi mapema, kisha abane risiti na nakala yake pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka 5, kwa hiyo bahasha moja kwa kila mwaka inamtosha.

Hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa ni habari nyingine. Asivilaminishe, hata fundi wa steshenari akimshawishi vipi: plastiki ikishagandishwa kwa joto, kuibandua ni kuchana cheti. Faili lenye mifuko ya plastiki linafaa zaidi, likae juu kabatini. Mchwa hawapigi hodi.

Na vile vikaratasi vya Luku? Umeme ukishaingia kwenye mita, vingi ni vya kutupa.