Wimbi P: Ufunguo wa Kutambua Mapigo ya Moyo Yasiyo ya Kawaida

Makala haya yanadhamiria kubainisha jinsi mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida yanavyotambuliwa katika elektrokadiogramu, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Mawimbi ya mchoro huo, P, Q, R, S na T, yalipewa majina na Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1924. P ni umeme wa vyumba vya juu vya moyo; QRS ni wa vyumba vya chini; T huonyesha vyumba vya chini vikijiandaa upya.

Kwa kawaida karatasi husogea milimita 25 kwa sekunde. Hivyo basi, mraba mdogo ni sekunde 0.04 na mkubwa ni 0.2. Mpangilio ukiwa sawa, 300 hugawanywa kwa idadi ya miraba mikubwa baina ya R mbili: miraba 4 ni mapigo 75 kwa dakika. Ukivurugika, R zilizomo katika miraba mikubwa 30 huhesabiwa, kisha huzidishwa kwa 10. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100.

Je, kila mvurugiko ni ugonjwa? La hasha. Wachukuliwe, kwa mfano, watu watatu wanaopimwa mjini Nyeri. Wa kwanza ni mwanariadha kijana wa Nyahururu. Nafasi baina ya R hupungua avutapo pumzi na kupanuka aishushapo, lakini kila QRS imetanguliwa na P. Huyo ni mzima. Wa pili ni mkulima wa Othaya anayetetemeka kwa baridi ya Julai. Mstari wake umejaa vijimawimbi, ila R zimepangika. Afunikwe blanketi, apimwe tena. Wa tatu ni ajuza wa Karatina. Nafasi za R hazifuati utaratibu wowote, na P haipo. Huo ndio mtetemo wa vyumba vya juu: damu hutuama humo, huweza kuganda, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi.

Aidha, P na QRS zikienda kila moja kwa mwendo wake bila kuhusiana, umeme umekatika njiani, na huenda mgonjwa akahitaji kifaa cha kuendesha mapigo. QRS zilizo pana kupita miraba midogo 3, zikifuatana kwa kasi, zichukuliwe kuwa dharura.

Hatimaye, kidole kilichowekwa kwenye kifundo cha mkono huhisi mvurugiko tu; hakioni chanzo chake. Anayesoma mchoro bila kuitafuta P huenda akamtia hofu mwanariadha, na kumruhusu ajuza arudi Karatina na bonge moyoni.