Klachi Nzito ya Pikipiki ya Zamani: Waya Ukaguliwe Kabla ya Injini

Klachi ya pikipiki huitwa nzito pale mkono wake unapodai nguvu kubwa kuliko kawaida ili uvutwe, au unapovutwa ukachelewa kurudi. Dalili hii ni ya kawaida kwa pikipiki zilizotumika miaka mingi, na katika Wilaya ya Same mazingira huiharakisha. Pikipiki inayotoka mjini Same hupita kwanza katika vumbi la tambarare kavu, kisha hupanda milima ya Upare kuelekea Vudee, Mbaga au Chome, jirani na kilele cha Shengena chenye urefu wa meta 2,462, ambako hukutana na ukungu, mvua na tope. Vumbi huingia ndani ya ganda la waya, unyevu hulifuata, na kutu hukamilisha kazi. Dereva naye, kwa kona na miinuko ya njia hizo, huvuta klachi mara nyingi kuliko mwenzake aliye kwenye barabara kuu ya lami.

Wengi huichukulia hali hiyo kuwa usumbufu wa vidole tu. Sisi tunaihesabu kuwa suala la usalama, kwa kuwa mara nyingi waya unaokaribia kukatika hutoa taarifa kwa kuwa mzito au kukwaruza. Ukikatika wakati pikipiki imesimama, gia imeingia na klachi imeshikwa, nguvu ya injini hurudi kwenye gurudumu papo hapo. Pikipiki huruka mbele kabla ya kuzimika, pengine abiria akiwa bado anapanda. Ukikatika katikati ya mwinuko, na magunia ya tangawizi ya Mamba Miamba yamefungwa nyuma, dereva hawezi tena kuondoka taratibu akishasimama, na uzito wa mzigo humvuta kurudi nyuma.

Somo hili limekusudia pia kumlinda mlaji dhidi ya gharama isiyo ya lazima. Klachi nzito ina maeneo matatu ya kuchunguzwa: mkono ulio kwenye usukani, waya, na mkono mdogo wa chuma ulio kwenye injini, ambao waya huuvuta ili kuachanisha pleti. Mpangilio huu unapatikana kwenye Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na kwenye pikipiki nyingi za China ambazo injini zake zilifuata muundo huo. Maeneo yote matatu yanaweza kukaguliwa bila kufungua injini, kwa spana na koleo. Fundi anayeanza kwa kusema pleti zimekwisha, kabla hajaugusa waya, aombwe kueleza amelijuaje hilo. Pleti zilizokwisha kwa kawaida huifanya klachi iteleze. Haziufanyi mkono kuwa mzito.

Ukaguzi ufanyike injini ikiwa imezimwa na imepoa. Legeza nati za kurekebishia zilizo juu kwenye usukani na chini karibu na injini, kisha uchomoe kichwa cha waya kutoka kwenye mkono mdogo wa injini. Vuta mkono wa klachi. Ukibaki mzito ilhali hauvuti kitu chochote, injini haihusiki. Sasa uchomoe waya na upande wa juu. Mkono ukiwa peke yake unapaswa kuzunguka kwenye bolti yake bila kusuasua. Usipozunguka hivyo, mara nyingi bolti imekauka, imekazwa kupita kiasi, au mkono ulipinda pikipiki ilipoanguka. Kisha shika ganda la waya kwa mkono mmoja na uvute waya wa ndani huku na huku kwa mkono mwingine. Unapaswa kuteleza bila kukwama mahali popote.

Endapo mkono na waya vyote ni vyepesi, ndipo ugeukie injini. Mkono mdogo wa chuma hautakuwa mwepesi, kwa sababu unasukuma springi, lakini haupaswi kukwama, kukwaruza wala kuchelewa kurudi. Mwenye shaka aulinganishe na wa pikipiki nyingine ya aina ileile. Kutu kwenye mhimili wake ni jambo la kawaida baada ya msimu wa mvua.

Waya uliokauka lakini mzima unaweza kulainishwa. Uning'inize wima, funga kipande cha mfuko wa plastiki kwenye ncha ya juu ya ganda mfano wa faneli, mimina oili nyepesi iliyo safi, na uiache ishuke hadi itokee chini. Mara ya kwanza itatoka nyeusi au yenye rangi ya kutu. Endelea mpaka itoke safi. Tumeona mazoea ya kutumia oili chafu iliyomwagwa kwenye injini. Mazoea hayo hayafai, kwa kuwa oili hiyo imebeba uchafu ambao ndio tunaojaribu kuutoa. Grisi nzito nayo hunasa vumbi, na kwa waya ambao ganda lake lina bomba la plastiki ndani, huweza kuufanya mzito zaidi.

Waya wenye uzi hata mmoja uliokatika, hasa karibu na kichwa, haulainishwi wala hauchomelewi. Unabadilishwa. Nenda dukani na waya wa zamani mkononi, ulinganishe urefu wa ganda, urefu wa waya unaojitokeza na umbo la vichwa, kwa maana jina la pikipiki peke yake halitoshi. Dai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora au upya wa bidhaa, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, lakini lalamiko lisilo na ushahidi wa ununuzi ni gumu kulifuatilia. Fundi wa chini ya mti hana mashine ya risiti, nasi tunalitambua hilo. Ujumbe wa simu unaotaja kazi, bei na tarehe unatosha kuwa kumbukumbu, na kipuri kilichotolewa ni mali yako, uondoke nacho. Anayepanda milimani mara kwa mara afunge waya wa akiba kando ya ule unaotumika.

Kuna tiba mbili za mkato ambazo mlaji azikatae. Ya kwanza ni kuulegeza waya ili mkono uonekane mwepesi. Klachi haitaachana vizuri, gia zitaingia kwa kelele, na pikipiki itasukuma mbele hata klachi ikiwa imeshikwa. Ya pili, iliyo mbaya zaidi, ni kupunguza springi za klachi au kuweka zilizo dhaifu. Mkono utakuwa mwepesi kweli, na dereva atamshukuru fundi pale tambarare. Kwenye mwinuko wa kwanza wenye mzigo, pleti zitateleza na kuungua, na hapo injini italazimika kufunguliwa.

Kabla ya kulipa, pima ulegevu kwenye ncha ya mkono wa klachi. Kwa Honda CG125 ni milimita 10 hadi 20 kabla ya mkono kuanza kukaza. Kwa aina nyingine fuata kitabu cha pikipiki husika. Ukikosa ulegevu kabisa, klachi itateleza. Kisha washa injini ikiwa katika gia huru, acha ingurume taratibu, na uzungushe usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Ulegevu ule usipotee. Ukipotea upande mmoja, waya umepitishwa vibaya au ni mfupi, na kazi irudiwe kabla pikipiki haijaondoka kwa fundi.