SOMO LA LEO: Mafundo 26 ya Bibi wa Chole, na Bakapu ya Biashara Yako

Leo siongelei kutafuta wateja wapya. Naongelea kutopoteza wale ulio nao, pamoja na hesabu zao.

Mimi nauza mikeka na vikapu vya ukili mtandaoni, nikiwa hapa hapa Utende, Mafia. Wasukaji wangu ni akina mama wa kijijini na wengine wa Chole. Wanavuka na mashua, wananiachia mzigo, ukiuzika nawalipa. Picha za bidhaa, namba za wateja, nani kaleta vikapu vingapi, nani ananidai, vyote vilikuwa kwenye laptopu moja. Sikuwa na nakala nyingine popote.

Mwaka 2023, usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, laptopu ikazima. Nikaipeleka kwa fundi Kilindoni. Jibu lake fupi: "Diski imekufa."

Wiki ile ile akaja bibi mmoja kutoka Chole. Nikamwamkia, akaitika, akakaa. "Mwanangu, nimefuata hesabu yangu." Kichwani nilikuwa na vikapu 19. Nikamwambia 19. Hakubisha. Akafungua pindo la kanga, akatoa kamba nyembamba ya ukindu yenye mafundo. Kila kikapu alichoniletea, fundo moja. Tukahesabu pamoja: 26.

Nilimlipa vyote 26, lakini aibu ile ninayo mpaka leo. Yeye hajui kusoma, ila bakapu alikuwa nayo. Mimi mwenye kompyuta sikuwa nayo. Na wale wengine ambao hawakufunga mafundo? Nililipa kwa kukisia, na mpaka leo sijui nimemdhulumu nani.

Kosa langu la pili

Nikanunua laptopu nyingine, nikaweka kila kitu Google Drive. Nikajiona mjanja. Kumbe nimehama shimo moja nimeingia lingine.

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua hapa Mafia. Siku nane baadaye, Jumapili tarehe 12 Mei, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika. Tanzania nzima intaneti ikawa ya kubahatisha. Mimi nina oda ya kufunga iende na boti, orodha ya mzigo iko mtandaoni, na mtandao haufunguki. Nakala ninayo, lakini siifikii!

Hapo ndipo nilipoelewa kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh:

- 3: kuwa na nakala tatu za kila faili muhimu, ukihesabu na ile unayoifanyia kazi.
- 2: ziwe kwenye vifaa vya aina mbili tofauti. Mfano, laptopu na diski ya nje.
- 1: moja ikae mbali na nyumba yako. Moto, mwizi au maji yakiingia ndani, hiyo inabaki.

Kwangu mimi: laptopu, diski ya nje, na Google Drive. Kimoja kikigoma, viwili vipo.

Uchague kifaa gani?

1. Flashi na memori kadi. Ni za kubebea faili, siyo za kutunzia. Zinapotea mfukoni, na zinaweza kufa bila taarifa. Usiifanye flashi kuwa nakala yako pekee.

2. Diski ngumu ya nje (HDD). Ndani ina sahani inayozunguka. Bei yake ni nafuu ukilinganisha na nafasi unayopata, inafaa picha na video nyingi. Adui yake ni kuanguka, hasa ikiwa inafanya kazi. Usiitumie juu ya mapaja wala kwenye bajaji.

3. SSD ya nje. Haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo inavumilia misukosuko na ina kasi zaidi. Bei iko juu. Ukiinunua usiifungie kabatini miaka bila kuiwasha. Ichomeke kila baada ya miezi michache.

Kama una hesabu na picha za kawaida tu, huhitaji diski kubwa. Angalia kwanza faili zako zinakula GB ngapi, kisha nunua angalau mara mbili ya hapo. Na ukinunua ya TB 1, kompyuta ikikuonyesha GB 931, hujaibiwa. Ni namna mbili tofauti za kuhesabu.

Jihadhari na feki. Ukikuta "TB 2" inauzwa bei ya flashi ya GB 32, kimbia. Zimetengenezwa ziidanganye kompyuta: zinaonyesha nafasi kubwa, lakini ukishajaza ile nafasi ya kweli, faili zinazofuata zinaharibika kimya kimya. Kabla hujaiamini, ipime kwa programu ya bure inayoitwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwa wa Mac na Linux. Fanya hivyo ikiwa bado tupu, na risiti unayo.

Ratiba yangu ya kila Ijumaa

1. Nachomeka diski, nanakili folda tatu: Wateja, Hesabu, Picha. Folda naipa tarehe, sifuti ya wiki iliyopita mpaka nimalize mpya.
2. Naitoa diski kwa utaratibu kwenye kompyuta kwanza, ndipo nachomoa waya. Ukichomoa katikati ya kunakili, faili zinaharibika.
3. Diski haikai imechomekwa. Virusi vikiingia, au umeme ukirudi vibaya, visiipate na yenyewe.
4. Naifungia kwenye kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Sisi wa pwani chumvi inakula mpaka bawaba za mlango.
5. Mara moja kwa mwezi nafungua faili moja kutoka kwenye nakala. Kama haifunguki, hiyo siyo bakapu, ni matumaini.

Kwa wanaotumia simu tu: namba za wateja zihifadhi kwenye akaunti ya Google, siyo kwenye laini peke yake. Washa bakapu ya WhatsApp. Kumbuka Google inakupa GB 15 za bure, na barua pepe, picha na Drive zote zinagawana hizo hizo. Pia ukifuta faili kwenye folda iliyounganishwa na Drive, inafutika na kule. Inakaa kwenye kapu la taka siku 30, kisha basi.

Na tusisahau kodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka utunze kumbukumbu za biashara kwa angalau miaka 5. "Laptopu ilikufa" siyo hesabu.

Yule bibi bado ananiletea vikapu. Siku hizi nikipokea mzigo naandika kwenye daftari mbele yake, naingiza kwenye kompyuta, naye anafunga fundo lake. Mwisho wa mwezi tunalinganisha. Mpaka sasa hatujapishana hata kimoja.

Kazi ya nyumbani: leo kabla hujalala, jiulize laptopu au simu yako ikifa usiku huu, kesho utamlipa nani na utamdai nani? Kama jibu liko kwenye kifaa hicho hicho, anza na folda moja tu ya hesabu. Ukimaliza niandikie hapo chini "NIMEFUNGA FUNDO", na mtumie somo hili mwenzako anayeuza mtandaoni.