SOMO LA FAMILIA: Mtoto Mchanga Anapokosa Titi la Mama

Fungu la kusoma: Kutoka 2:1-10



Somo letu la mwezi huu linahusu chakula cha mtoto mchanga asiyeweza kunyonya kwa mama yake. Labda mwingine atauliza, jambo hili linaingiaje kanisani? Linaingia kwa sababu mtoto wa namna hiyo akizaliwa hapa kambini, mlango unaogongwa mara nyingi ni wa wazee wa kanisa. Sisi tuligongewa, na tulikosea.

Miaka michache iliyopita dada mmoja wa ushirika wetu alifariki saa chache baada ya kujifungua. Baada ya mazishi tulichanga sadaka ya upendo, tukamtuma kijana sokoni, akaleta kopo la maziwa ya unga lenye picha ya mtoto anayecheka. Tuliomba, tukamkabidhi bibi wa mtoto lile kopo, tukarudi nyumbani tukiona kazi imekwisha. Wiki ya tatu mama mmoja wa idara ya wanawake alimtembelea, akakuta mtoto amekonda na ngozi ya mapaja imelegea. Maziwa yale yalikuwa ya watoto waliopita mwaka 1. Tena bibi alikuwa akizidisha maji ili kopo lisiishe upesi, maana hakujua lingine litatoka wapi. Mtoto alikimbizwa kwenye kituo cha afya, na kwa neema ya Mungu akapona.

Kosa halikuwa la bibi. Lilikuwa letu. Tulitoa kwa upendo, lakini bila maarifa na bila hesabu.

1. MTOTO WA KWENYE KISAFINA

Tukisoma habari za Musa tunaona jambo ambalo wengi tunalipita haraka. Binti Farao alipomtoa mtoto mtoni, mtoto alikuwa analia. Dada yake Musa hakuuliza habari za nguo wala nyumba. Aliuliza habari za mwanamke wa kumnyonyesha. Kisha binti Farao akaahidi kulipa mshahara, na mtoto akanyonya mpaka akakua.

Hapa kuna mambo mawili kwa mpangilio wake. La kwanza, walitafuta titi. La pili, mtu alibeba gharama mpaka mwisho, wala si ya siku moja tu. Sisi tulianza na kopo, na tukaishia kopo la kwanza.

2. KWANZA TUTAFUTE TITI

Kabla ya kununua kopo lolote, tuulize: je, ni kweli mtoto huyu hawezi kupata maziwa ya mama? Mara nyingi tunasema hawezi, kumbe anaweza.

Mama aliyekula kidogo anaweza kunyonyesha. Tumlishe mama, naye atamlisha mtoto. Mama aliyekimbia vita akaona maziwa hayatoki kwa hofu hajakauka. Hofu huchelewesha maziwa kushuka, lakini akitulizwa na mtoto akinyonya mara kwa mara, yatarudi. Maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano si machafu. Ni kinga ya mtoto. Na mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa zake vizuri anaweza kunyonyesha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kuendelea hadi 24, akifuatana na kliniki.

Mama akiwa amefariki au mgonjwa sana, tutafute mama mwingine. Kule nyumbani mtoto aliyefiwa na mama alichukuliwa na mama mdogo au shangazi. Vita vimetutawanya, lakini dada katika Bwana wapo. Anayekubali kunyonyesha apimwe kwanza kwenye kituo cha afya. Hata mwanamke aliyeacha kunyonyesha zamani anaweza kurudisha maziwa, mtoto akinyonya kwake mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa siku kadhaa au wiki kadhaa, huku akiendelea kulishwa kwa kikombe. Wauguzi wanajua kumsaidia katika jambo hili.

3. IKIBIDI KUNUNUA KOPO, TUCHAGUE NAMNA HII

Yakishindikana hayo yote, maziwa ya kopo ni rehema, wala mlezi asione haya. Lakini aende kwanza kituo cha afya akaelekezwe. Tusinung'unike kwamba wauguzi hawagawi makopo ovyo. Tangu mwaka 1981 kuna kanuni ya kimataifa inayokataza kutangaza maziwa hayo na kuwapa akina mama sampuli za bure, ili mama anayeweza kunyonyesha asishawishike kuacha.

Tunapochagua kopo tuangalie haya:

a) Liwe limeandikwa kuwa ni la mtoto tangu kuzaliwa. Makopo mengi huwa na namba. Namba 1 ni ya kuzaliwa hadi miezi 6, namba 2 ni kuanzia miezi 6, namba 3 ni ya waliopita mwaka 1. Tusidanganywe na picha, tusome maandishi.

b) Lisiwe maziwa ya unga ya kawaida ya kutia kwenye chai, wala maziwa mazito ya sukari. Maziwa ya ng'ombe matupu nayo yana protini na chumvi nyingi mno kwa figo za mchanga, na madini ya chuma kidogo.

c) Tarehe ya mwisho iwe mbali. Kopo lisiwe limebonyea, limeota kutu wala kufunguliwa. Tusinunue maziwa yaliyopimwa kwenye mifuko ya plastiki sokoni, kwa maana hatujui ni nini.

d) Maelezo yawe katika lugha ambayo mtu wa nyumba hiyo anaisoma, iwe Kiswahili, Kifaransa au Kiingereza.

e) Bei kubwa si dalili ya ubora. Maziwa ya kuzaliwa yaliyotengenezwa kwa kufuata viwango yanatosha. Ni heri lile linalopatikana dukani kila wiki kuliko la gharama ambalo litakosekana. Maziwa ya soya au ya aina ya pekee ni kwa agizo la daktari tu.

4. KUTENGENEZA

Mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi ya Botswana ilipata mvua kubwa na mafuriko. Serikali ilikuwa ikiwapa akina mama wenye virusi maziwa ya kopo bure. Maji yalipochafuka, kuhara kukaenea, na mamia ya watoto wadogo wakafa. Walioumia zaidi walikuwa watoto wasionyonya. Kwa hiyo kopo zuri na maji mabaya ni hatari.

Tufuate hatua hizi:

- Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha kikombe na kijiko.
- Tumia kikombe kidogo kilicho wazi, si chupa ya kunyonyea. Chupa na chuchu yake ni vigumu kusafisha hapa kwetu.
- Chemsha maji mpaka yatokote. Yaache yapoe kidogo, yasizidi nusu saa, ili yabaki ya moto. Unga wa maziwa unaweza kuwa na vijidudu, na maji ya moto ndiyo huviua.
- Tia maji kwanza, kisha unga, kwa kijiko cha kopo lile lile, kikiwa sawasawa bila kurundika. Fuata hesabu ya kopo. Maji yakizidi, mtoto anadhoofika. Unga ukizidi, anaumia figo na kukosa maji mwilini.
- Poza kikombe ndani ya maji baridi, uonje joto kwenye kiganja. Mshike mtoto amekaa wima kidogo, kikombe kiguse mdomo, anywe mwenyewe. Usimmiminie.
- Yaliyobaki baada ya saa 2 yasipewe tena mtoto. Kwa usiku, weka maji ya moto kwenye chupa ya chai, si maziwa yaliyokwisha kuchanganywa.

Baada ya siku chache za mwanzo, mtoto huhitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 3 atahitaji kama mililita 450, zigawanywe mara 8. Mpaka atimize miezi 6 asipewe uji, chai, maji ya sukari wala asali. Akikataa kunywa, akiharisha, akitapika, akipata homa, akipumua kwa haraka au akikojoa kidogo, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

5. HESABU KABLA YA SADAKA

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Basi na tuhesabu. Mtoto asiyenyonya kabisa hutumia kama makopo 40 ya gramu 500 kwa miezi 6 ya kwanza: mwezi wa kwanza 4, wa pili 6, wa tatu na wa nne 7 kila mwezi, wa tano na wa sita 8 kila mwezi. Hapo bado kuni, mkaa, sabuni na dumu za maji.

Hakuna familia moja ya wakimbizi inayoweza mzigo huo kwa posho yake. Na kopo moja lisilo na la pili humlazimisha bibi kuzidisha maji. Kwa hiyo wazee tumekubaliana hivi: tukipewa habari za mtoto wa namna hiyo, mama mmoja wa idara ya wanawake atafuatana na mlezi kituo cha afya siku ile ile. Tukielekezwa kununua, kila mtaa wa kanisa utachukua mwezi wake, na jina la anayehusika litaandikwa kitabuni. Kuni na maji ni zamu ya vijana. Kila wiki mtoto atatembelewa, na kadi yake ya uzito itaangaliwa.

Yule mtoto wetu sasa anakimbia na wenzake nje ya kanisa wakati wa ibada, na bibi yake humkemea. Tukimsikia tunamshukuru Mungu, na tunakumbuka.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA SELI

1. Katika Kutoka 2, nani alitafuta, nani alinyonyesha, nani alilipa? Katika mtaa wetu ni akina nani?
2. Je, kuna mama karibu nasi aliyeambiwa maziwa yake hayatoshi? Nani atakwenda kumtia moyo na kumpikia?
3. Akina baba, sisi tunafanya nini mke anaponyonyesha usiku?

Tuombe: Ee Bwana, utupe upendo unaohesabu gharama na usiochoka kabla ya mwezi wa sita. Amina.

Wenu katika shamba la Bwana,
Mchungaji, kwa niaba ya Baraza la Wazee