Mama watoto hataki niende Sibiloi

SWALI: Shikamoo Shangazi, ingawa kwa mvi nilizo nazo huenda wewe ndiwe wa kuniamkia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Kwa miaka 31 nimewafundisha watoto kuhusu Koobi Fora na mabaki ya binadamu wa kale kando ya Ziwa Turkana, na sijawahi kukanyaga huko. Sasa kiinua mgongo kimeingia. Ndugu yangu mdogo, ambaye bado anafundisha, atakuwa likizoni Aprili, na nina Probox ambayo haijawahi kuniangusha. Nataka twende Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi, iliko Koobi Fora. Nilipomweleza mama watoto, aliacha kusonga ugali, akaniuliza mwiko ukiwa mkononi: "Mtarudi lini? Mkikwama nitajuaje? Na maji ya kunywa?" Nikamwambia Mungu yupo. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya safari. Nitamshawishi vipi?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nimeipokea bila kuuliza umri.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali mkeo alipokukataza, sikupaona. Nilichoona ni maswali matatu na mume aliyeyakwepa. Mungu yupo, hilo halina ubishi. Lakini mwanafunzi wako angekuandikia jibu hilo kwenye mtihani, ungempa alama ngapi? Basi kaa chini, tuyajibu yote matatu.

Mtarudi lini? Kwanza futa Aprili. Machi hadi Mei ni msimu wa mvua ndefu, na kule kaskazini hata mvua kidogo inatosha kuwafungia njia. Njia yenu ya kutoka Marsabit kwenda North Horr inapita Maikona na Kalacha, pembezoni mwa jangwa la Chalbi. Ukitazama Chalbi kwa mbali, ni uwanja mweupe, mkavu, mgumu. Niliwahi kupita huko siku mbili baada ya manyunyu. Ule utando wa juu ulikuwa kama uji uliopoa kwenye sufuria: gurudumu la mbele likautoboa, na chini yake kulikuwa na tope laini hadi kwenye ekseli. Tulikuwa watu wanne na mtungi mmoja wa lita 20, na dereva alikuwa ameshamimina nusu yake kwenye rejeta. Tulilala hapo. Asubuhi Wagabra waliokuwa wakipeleka ngamia kisimani ndio waliotusaidia kusukuma, baada ya kutucheka kwanza.

Agosti shule hufungwa pia, na ni kiangazi. Nduguyo atasubiri.

Kutoka Nakuru mtapitia Nyahururu na Nanyuki hadi Isiolo, kisha lami itawafikisha Marsabit. Lami mtaiachia hapo. Siku ya pili lalani North Horr, ya tatu mwingie Alia Bay, yaliko makao ya mbuga. Jipeni siku mbili za kuzunguka. Kurudi, shukeni Loiyangalani, mpumzike usiku mmoja, kisha mfuate barabara ya Laisamis iliyotengenezwa upya ili kusafirishia mitambo ya umeme wa upepo. Hesabu siku tisa, na ya kumi iwe ya akiba. Msiendeshe usiku.

Na Probox, Mwalimu? Najua sifa zake, imebeba miraa na maiti katika nchi hii. Hata hivyo iache nyumbani. Mawe meusi ya volkeno yaliyotapakaa upande wa Loiyangalani hukata tairi kama wembe. Kodini Land Cruiser yenye tairi mbili za akiba, na dereva mzaliwa wa huko anayejua lugha na njia. Mkipata wenzenu wenye gari la pili, gharama itapanda na usingizi utakuwa mzuri zaidi.

Mkikwama atajuaje? Kati ya kijiji na kijiji simu yako itakuwa saa ya mkononi tu. Tafuteni simu ya setilaiti ya kukodi, mkubaliane na mkeo saa maalumu ya kupiga kila jioni. Mkifika Marsabit, pitieni kituo cha polisi na ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), muulize hali ya usalama kwenye kila kipande cha njia. Wizi wa mifugo huzua mapigano, na njia iliyokuwa salama wiki iliyopita huenda leo si salama. Wakisema msubiri, subirini. Ada ya mbuga ilipeni mapema kupitia eCitizen mkiwa bado na mtandao, maana KWS haipokei noti langoni.

Maji je? Hapa ndipo wageni hudanganyika. Turkana ni ziwa la urefu wa kilomita 250 hivi, basi mtu hudhani atachota. Maji yake yana magadi, na kwenye ufuo mamba ni wengi. Pangeni lita 10 kwa kila mtu kwa siku, na mitungi ya gari iwe kando, isiguswe na mwenye kiu. Mafuta jazeni Marsabit na mbebe ya ziada. Huko mbele huuzwa kwa madebe na kwa bei ya muuzaji. Hema lipigilieni kamba zote, kwani upepo wa usiku wa ziwa hilo haubembelezi.

Mtayaona unayoyafundisha: kobe mkubwa aliyegeuka jiwe akiwa palepale alipofia, na magogo ya msitu wa kale yaliyogeuka miamba. Lakini lile fuvu maarufu lenye nambari 1470, aliloliona Bernard Ngeneo mwaka 1972 akiwa na kikosi cha Richard Leakey, limehifadhiwa kwenye makavazi ya Nairobi. Mpeleke mama watoto kwenye makavazi hayo kabla ya Agosti. Amekusikiliza miaka 31 ukisahihisha madaftari kuhusu Koobi Fora. Huenda naye ana hamu ambayo hujawahi kumuuliza.

Kisha chukua karatasi moja. Andika njia, mahali pa kulala kila usiku, nambari ya gari, jina na simu ya dereva, simu ya polisi Marsabit na ya KWS. Chini kabisa andika siku na saa ambayo, msipokuwa mmepiga, aanze kuwatafuta, na aanze na nani. Mpe mkononi akiwa ameketi, si akiwa jikoni. Akiisoma atakuuliza la nne. Hilo pia ulijibu.